Nusu ya Kibanio

Mama alipozikwa tuligawana kila kitu kwa haki,
haki ya watu wasiosemeshana:
Migdalia kitanda, mimi kabati,
Migdalia saa ya ukutani, mimi msumari wake.
Kikabaki kibanio cha ndizi,
vibao viwili vya mpera, bawaba ya ngozi,
vimekolea mafuta ya miaka arobaini.
Yeye akashika juu. Mimi nikashika chini.
Mumewe, shemeji Wilfredo, mpenda amani,
akafungua kisu, akaikata ngozi.
"Basi," alisema.
Na ikawa basi.

Kibao chenye mpini kikateremka Arecibo, pwani.
Chenye shimo kikabaki nami Utuado, milimani,
na kwa miaka miwili nimeponda ndizi
kwa kitako cha kopo la nyanya.

Kopo halifai. Lina ukingo,
linapiga muhuri wa duara kila kipande
kama barua ya serikali,
na pembeni panapasuka, panaungua
kabla kati hakujakauka.

Lakini Jumapili ni Jumapili.
Ndizi mbichi haibembelezwi:
kata ncha zote mbili,
chana ganda kufuata mgongo wake,
chomeka dole gumba, ng'oa.
Ukiionea haya itakuvunja kucha.
Na utomvu ukidondokea blauzi, umeposa;
hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu,
blauzi hiyo ni yake mpaka iwe tambara.
Kata mshazari, vipande vya pingili ya kidole.
Mafuta ya kwanza yawe ya upole,
yanong'one tu,
mpaka weupe uingie umanjano
na uma upenye bila kuulizwa.

Nilikuwa nimefika hapo,
vipande kumi na vinane juu ya gazeti,
mvua ya Oktoba inatwanga mabati,
alipoingia bila hodi,
mfuko wa plastiki kifuani.
Hakunisalimu. Alisema:
"Kwangu zinanata kwenye sahani."

Nikasogeza beseni.

Pasipo bawaba kibanio kinataka watu wawili,
mmoja atulize, mmoja akandamize.
Cha kwanza alikibana kwa hasira za safari,
kikatoka chembamba kama karatasi ya sigara.
"Taratibu," nikasema.
Neno moja, baada ya miaka miwili,
na hilo nalo la kumkosoa.

Cha pili kikatoka sawa. Cha tatu.
Kufika cha sita tukaanza kubishana:
yeye ataka tuloweshe
kwenye maji ya chumvi na kitunguu saumu,
eti mama alilowesha;
mimi nasema mama hakulowesha,
maji na mafuta hayajawahi kupatana.
Mama mmoja, jiko moja,
na kila mmoja wetu alikuwa akiangalia pengine.
Tukagawa. Tumezoea kugawa.
Tisa vyake majini, tisa vyangu vikavu.

Mafuta ya pili hayana mzaha.
Yalifoka, chwaaa!
Tone likamrukia Migdalia mkononi
na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka
kabla sijamletea maji.
Akacheka naye, kwa kuchelewa,
kama mtu anayelipa deni dogo.

Tulikula tumesimama, chumvi vidoleni,
kau, kau, vinywa vimejaa,
kelele hiyo ikatuondolea kazi ya kuzungumza.

Aliondoka na kibao chake. Sikumwomba akiache.
Usiku Wilfredo akapiga simu:
amepata bawaba mpya, ya shaba,
atapanda kuitia Jumamosi.
Nikamkatalia. Na nyuma yake,
kutoka jikoni kwao, nikamsikia Migdalia
akimkatalia kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Vile vilivyoloweshwa
ndivyo vilivyokauka kuliko vyote.
Hilo hatalisikia kwangu.